Maji Yaingiayo, Maji Yatokayo

Barua za mwezi huu zimetoka Lamu na Malindi, na karibu zote ni za maji: yanayokosekana, yanayovuja, yanayokolea chumvi na yale tunayoyamwaga bila kuuliza yanakwenda wapi. Nimezifupisha na kuyaondoa majina, maana wawili kati ya walioandika wanamlalamikia jirani.

Assalamu alaikum, Bwana Mwandishi. Katika kikao cha mtaa tulisomewa karatasi inayosema kwamba mji wetu hauna budi “kuongeza ufanisi wa kiikolojia wa mifumo ya maji safi na maji taka”. Sisi kina mama tulitazamana tu. Kwangu maji huja kwa zamu, na yakija huja usiku wa manane. Neno hilo lina maana gani kwa mtu anayehesabu ndoo?
*Mama wa Mkomani, Lamu*

Waalaikumu salamu, mama. Neno hilo lilianza kwa wafanyabiashara. Mwaka 1992, ulipofanyika Mkutano wa Dunia wa Rio de Janeiro, kundi la wakuu wa makampuni lililoongozwa na Mswisi Stephan Schmidheiny lilieneza wazo kwamba shughuli yoyote ipimwe kwa kugawanya: juu uweke faida ambayo watu wameipata, chini uweke gharama ambayo mazingira yameilipa, yaani maji yaliyochotwa, stima iliyotumika, dawa zilizotiwa na uchafu uliorudishwa ardhini au baharini. Jibu likiwa kubwa, ufanisi umepanda.

Tuifuate ndoo yako moja ya lita 20. Imechotwa kwenye visima vya Shela, ikasukumwa na pampu hadi tangini, ikapita katika bomba linalovuja hapa na pale, ikakufikia usiku ukiwa umeacha mfereji wazi juu ya pipa ili usikie maji yakianza kudondoka. Sehemu umepikia, sehemu umeogea, na sehemu kubwa kuliko unavyodhani imekwenda chooni. Kutoka hapo imeshuka shimoni, na kutoka shimoni imepenya katika mchanga na mawe ya matumbawe, ikayafikia maji yale yale yaliyo chini ya mji. Hesabu ya ufanisi huanzia kisimani na kuishia pale inapotua tone la mwisho. Maji uliyooshea mchele yakimwagiwa mgomba, umepata faida mbili kwa mchoto mmoja, na hapo umekwisha kufanya kile ambacho karatasi ya kikao imekiita kwa jina refu.

Nina shaka moja na kipimo hiki, na ni vyema niiseme mapema. Hakioni nani amekosa. Kampuni inaweza kuonekana hodari kwa kuwakatia maji wanaotumia kidogo na kuwauzia wanaolipa sana, na hesabu ikatoka nzuri. Ibara ya 43 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha, na haki hiyo haingoji matokeo ya kugawanya. Kwa hiyo mkisomewa tena karatasi ile, ulizeni kwanza zamu ya Mkomani imepangwaje, ndipo muulize ufanisi.

Bwana Mwandishi, nina nyumba ya wageni Shela yenye kisima changu mwenyewe. Miaka kumi iliyopita maji yake yalikuwa matamu. Sasa chai haiteremki. Fundi ananishauri nichimbe zaidi na nifunge pampu kubwa, kwa kuwa maji matamu, asema yeye, yako chini. Jirani yangu amefanya hivyo na tangu siku hiyo kisima changu kimezidi kuharibika. Nifanyeje?
*Mwenye nyumba, Shela*

Ndugu yangu, usichimbe. Fundi wako huenda ni hodari wa kuchimba bara, ambako mara nyingi kwenda chini ni kuyafuata maji. Kisiwani mambo ni kinyume: chini ndiko kwenye chumvi.

Mvua inayonyesha juu ya vilima vya mchanga vya Shela haina mto wa kuipeleka baharini. Inazama mchangani na kutulia juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya kisiwa, kama samli inavyoelea juu ya mchuzi. Mita moja ya ujazo ya maji matamu ina uzito wa kilo 1,000, na ya maji ya bahari kilo 1,025 hivi. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoyashikilia maji yetu. Mholanzi Badon Ghyben mwishoni mwa karne ya 19, na baada yake Mjerumani Herzberg mwanzoni mwa karne ya 20, walionyesha kwamba kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna mita 40 hivi chini ya usawa huo. Ni habari njema, mpaka uigeuze. Ukiyashusha maji ya kisima chako kwa sentimita 10 tu na kuyaacha hapo muda mrefu, mpaka wa chumvi ulio chini yake unaelekea kupanda kwa mita 4. Pampu kubwa inayovuta kwa fujo saa moja huinua kilima cha chumvi moja kwa moja chini ya mdomo wake. Haihitajiki chumvi nyingi ili kisima kiharibike: vikombe viwili vya maji ya bahari katika mchanganyiko wa vikombe mia vinatosha kuipitisha kloraidi, kijenzi kikuu cha chumvi, juu ya miligramu 250 kwa lita, kiwango ambacho ulimi wa mtu wa kawaida huanza kukitambua. Chai yako ni kipimo kizuri kuliko maneno ya fundi.

Chumvi ikishapanda haishuki kwa kuamrishwa. Hungoja masika kadhaa mazuri yaisukume chini, na wakati huo wote kisima hakina budi kupumzishwa. Ninachokushauri ni pampu ndogo inayofanya kazi polepole kwa saa nyingi na kujaza tangi, badala ya pampu kubwa inayomaliza kazi kabla ya kiamshakinywa. Kama ni lazima kuchimba, basi ni visima viwili vya kina kifupi vilivyo mbalimbali, vikigawana kazi, na wewe na jirani yako mkubaliane zamu, kwa sababu nyote wawili mnakunywa katika bakuli moja hata kama kuta zenu ni mbili. Nunua kipimo kidogo cha mkononi kinachopima jinsi maji yanavyopitisha umeme. Kadiri chumvi inavyozidi, namba inapanda. Andika namba hiyo kila Ijumaa katika daftari. Mwenye daftari la mwaka mmoja humwona adui akija; asiye nalo huambiwa na wageni mezani.

Hukusema kama una bwawa la kuogelea, lakini nyumba nyingi za wageni siku hizi zinayo, nami nitasema kidogo. Bwawa la mita 8 kwa 4, lenye kina cha mita moja na nusu, linameza mita za ujazo 48, ambazo ni ndoo 2,400. Baada ya kulijaza, jua na upepo wa kaskazi huweza kunywa milimita 5 kwa siku, nazo ni ndoo 8 kila siku ya Mungu, bila mgeni hata mmoja kulowa. Yote hayo hatua chache kutoka baharini! Kama wageni wako hawawezi kuishi bila bwawa, lifunike usiku na wakati halitumiki, au lijaze maji ya bahari yenyewe, kwa tangi na mabomba yasiyopitisha wala kuvujisha chumvi mchangani.

Na vile vilima, mwambie kila anayekusikiliza asichote mchanga wake wala asijenge juu yake. Ndilo paa na ndilo tangi letu. Mji ulio na kumbukumbu ndefu kama Lamu hauhitaji kwenda mbali kupata mfano: ng’ambo ya mkono wa bahari, katika kisiwa cha Manda, magofu ya Takwa bado yamesimama, na ukosefu wa maji matamu hutajwa miongoni mwa sababu za watu wake kuhama.

Mhariri, bili yangu ya maji imepanda, lakini karibu na kituo cha tuktuk cha mtaa wetu bomba limepasuka wiki ya tatu sasa. Maji yanatiririka mchana na usiku, bata wa jirani wanaoga. Tumepiga simu mara nne. Je, ni mimi ninayelipia kuoga kwa bata?
*Mlipa bili, Malindi*

Ndiyo, kwa kiasi fulani ni wewe. Maji ya Malindi hayakufika kwa miguu. Yamevutwa kutoka katika visima vya Baricho, kandokando ya Mto Sabaki, makumi ya kilomita kutoka mjini, na chanzo hicho hicho kinategemewa pia na Kilifi na Mombasa. Kuinua mita moja ya ujazo ya maji kwa urefu wa mita 100 kunahitaji uniti 0.27 za stima hata pampu ingekuwa kamili. Kwa pampu za kweli, zenye miaka yake na uchovu wake, weka uniti 0.4. Kisha kuna dawa ya klorini, na mishahara ya watu. Tone linapofika chini ya kituo chenu cha tuktuk limekwisha kugharimu karibu kila kitu litakachogharimu. Kulipoteza hapo ni kama kupoteza chakula kilichokwisha kupikwa.

Tukadirie. Tundu la milimita 5, dogo kuliko punje ya hindi, katika bomba lenye msukumo wa mita 40, yaani unaoweza kuinua maji hadi urefu huo, hutoa karibu lita 28,000 kwa siku. Hizo ni ndoo 1,400. Bomba lenu lililopasuka, kwa jinsi unavyolieleza, linatoa zaidi ya hapo. Nchini Kenya kwa jumla, zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa na makampuni hayaleti mapato, ilhali WASREB, bodi inayosimamia huduma za maji, huhesabu upotevu wa juu ya asilimia 25 kuwa haukubaliki. Sehemu moja ya upotevu huo ni matundu. Sehemu nyingine ni mita zilizochakaa, maungio ya wizi na vitabu visivyolingana. Wasomaji wengi hudhani ni wizi tu. Wizi upo, lakini bomba bovu haliendi mahakamani na kwa hiyo halisemwi.

Jambo ambalo halijulikani sana ni kwamba mji unaweza kupunguza upotevu kabla hata ya kulipata tundu. Msukumo ukishushwa kutoka mita 40 hadi 20, tundu lile lile la milimita 5 hutoa lita 20,000 badala ya 28,000. Na katika mabomba ya plastiki, ambayo nyufa zake hufunguka zaidi msukumo unapozidi, nafuu huwa kubwa kuliko hiyo. Usiku, watu wanapolala na mifereji imefungwa, msukumo hupanda na uvujaji hufikia kilele, bila mtu wa kushuhudia. Khayelitsha, mtaa mkubwa wa Cape Town, ulifungiwa valvu za kushusha msukumo mwaka 2001, na matumizi yakapungua kwa karibu mita za ujazo milioni 9 kwa mwaka, kiasi cha asilimia 40. Hakuna chanzo kipya kilichochimbwa. Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, ulikuwa ukipoteza asilimia 72 ya maji yake mwaka 1993, baada ya miaka ya vita. Chini ya mkurugenzi Ek Sonn Chan, waliweka mita kila nyumba, wakaunda vikosi vya kusaka uvujaji usiku, wakawatoza hata wakubwa waliozoea kunywa bure, na upotevu ukashuka chini ya asilimia 10. Naupenda mfano huo kuliko wa miji tajiri, maana walianza wakiwa hawana kitu.

Kuhusu mgao wa zamu, ambao nanyi Malindi mnaujua: bomba linapokuwa tupu, matundu yale yale yaliyokuwa yakitoa maji hugeuka kuwa midomo ya kuvuta. Kama limepita karibu na shimo la choo, linavuta kile kilichopo. Ndiyo maana maji ya dakika za mwanzo baada ya zamu hufaa kuoshea sakafu, si kunywewa.

Nawe kwa upande wako fanya jaribio moja. Usiku funga kila mfereji, soma mita, lala, kisha soma mita tena kabla mtu hajaamka. Namba ikiwa imesogea, una bata wako mwenyewe ndani ya nyumba, na mara tisa kati ya kumi utamkuta katika tangi la choo, ambako boya halikai sawa na maji yanateleza kimya ukutani mwa bakuli. Glasi moja ya robo lita kwa dakika haionekani kwa macho. Kwa siku ni lita 360. Tia rangi ya chakula katika tangi la choo na usivute. Rangi ikionekana bakulini baada ya robo saa, mwite fundi. Kwa lile la kituo cha tuktuk, simu ya tano isiwe simu. Andikeni barua, muitie tarehe, ipigwe muhuri wa kupokelewa, na nakala mkae nayo.

Mimi ni mmoja wa kamati ya msikiti wetu. Zamani tulitawadha kwa kata kutoka birikani. Sasa tuna mifereji kumi na mbili na bili ambayo sadaka ya Ijumaa haiifikii. Vijana wanataka tuombe wafadhili watuchimbie kisima. Wazee wanasema turudi birikani. Unaonaje?
*Mwanakamati, Lamu*

Naona kila upande una nusu ya haki, shekhe wangu. Kata ilikuwa mita: mtu aliona kiasi anachochota. Mfereji hauna aibu hiyo. Lakini birika lililo wazi, mikono mia ikiingia, lina hatari zake, na sidhani tabibu yeyote angependa kulirudisha.

Nimewahi kusimama katika msikiti mmoja na jagi na saa, kwa idhini ya imamu, nikapima. Mfereji uliofunguliwa wote ulitoa lita 7 kwa dakika. Mzee mmoja alitawadha kwa nusu dakika. Kijana aliyefuata alichukua karibu dakika mbili, kwa kuwa alikuwa akimweleza mwenzake goli la jana huku maji yakimwagika, na alipomaliza alikuwa ametumia lita 13. Imepokewa kutoka kwa Anas, katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) akitawadha kwa mudi moja, ambayo ni chini ya lita moja. Sikumwambia kijana yule neno, nilimwonyesha jagi.

Watu mia wakitawadha mara tano kwa siku kwa lita 7 kila mmoja, msikiti unatumia lita 3,500. Mkifunga mifereji inayojifunga yenyewe baada ya kubonyezwa, na mdomoni mwake mkaweka kichungi chenye vitundu kinachochanganya maji na hewa, nusu ya kiasi hicho itabaki tangini, na bei yake hailingani hata kidogo na bei ya kisima. Hayo ndiyo ya kuwaomba wafadhili.

Kisha kuna maji yanayotoka. Maji ya udhu hayana mafuta wala kinyesi, ila vumbi na jasho. Ni hasara kuyaunganisha na bomba la choo, ambako yatalijaza shimo upesi na kuwaongezea gharama ya kulizoa. Yatengeni kwa bomba lake, yapite katika kisanduku cha changarawe na mchanga, yaishie kwenye shina la mnazi au mkungu. Katika madhehebu ya Shafi maji yaliyokwisha kutumika kwa udhu ni tohara ingawa hayatoharishi tena, kwa hiyo mti hauna tatizo nayo. Lakini hilo mthibitishieni kwa maulamaa wenu, si kwa mwandishi wa gazeti.

Mbona Lamu haijengewi mabomba ya maji taka kama miji mingine? Tunajivunia kuwa Urithi wa Dunia tangu 2001 huku mitaro ya Langoni ikinuka.
*Kijana wa Langoni*

Hasira yako naielewa, maana pua haijali cheo cha mji. Hata hivyo, bomba kubwa la maji taka ni chombo cha mji wenye maji mengi. Uchafu husafiri ndani yake kwa kuelea, na bomba hujisafisha lenyewe pale tu maji yanapokwenda kwa kasi ya kutosha, yapata sentimita 60 kwa sekunde. Maji yakija kwa zamu, vitu vizito vitatuama, na utakuwa na mtaro ule ule, ila umefunikwa na umegharimu fedha nyingi. Ongeza vichochoro ambavyo punda wawili hupishana kwa taabu, misingi ya nyumba za karne kadhaa, na ardhi iliyo karibu na usawa wa bahari, inayolazimisha pampu kila baada ya hatua chache. Mwishoni mwa bomba huwa kuna kiwanda cha kusafisha, na katika viwanda vya aina inayopuliza hewa majini, nusu ya stima au zaidi huliwa na kazi hiyo moja ya kupuliza.

Lakini hali ya sasa nayo haivumiliki, na sababu yake kubwa si harufu. Matumbawe yana matundu kama sifongo. Kinachotoka katika shimo la choo hakichujwi vya kutosha kabla ya kukifikia kisima cha jirani, na ushauri wa kawaida wa kutenganisha choo na kisima kwa mita 30 hauna maana katika mtaa ambao kutoka ukuta hadi ukuta hazifiki mita 2. Kuna wanaosema, “Sisi tunachemsha.” Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, na ni lazima. Hakuondoi naitreti, kemikali inayotokana na mkojo. Kwa kuwa maji hupungua yakichemka, huizidisha. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita, na wanaodhurika zaidi ni watoto wachanga wanaopewa maziwa ya unga. Kwa hiyo, kisima cha mjini kitumike kufulia na kuogea, si kumtengenezea mtoto maziwa.

Njia inayoufaa mji kama Lamu, kwa maoni yangu, ni ya katikati. Kila nyumba, au nyumba kadhaa kwa pamoja, iwe na tangi la septiki lisilovuja, lenye vyumba viwili, ambamo vizito vinabaki. Maji yaliyotulia yaondoke kwa bomba jembamba, ambalo halihitaji mteremko mkali wala handaki pana, hadi nje ya mitaa, yakapitie bwawa la changarawe lililopandwa matete. Humo mizizi na bakteria hufanya kazi bila stima. Gereza la Shimo la Tewa, Mombasa, lilijengewa mfumo wa mimea wa namna hiyo, kwa hiyo si jambo la vitabuni. Ubaya wake ni ardhi: mita mraba moja hadi tatu kwa kila mtu, na ardhi Lamu ina wenyewe na ina kesi. Bila kiwanja kilichotengwa mapema mpango huu hauanzi.

Tangi la septiki nalo si sanduku la kusahau. Tope likifika theluthi ya kina chake, lizolewe. Likiachwa lijae, vizito vinatoka pamoja na maji na kuziba kila kitu mbele. Kwa kuwa gari la kunyonya haliwezi kuingia vichochoroni, kazi hii itahitaji pampu ndogo za mkononi na mapipa ya kufungwa yanayoweza kubebwa kwa mkokoteni au punda, na vijana waliovishwa glavu na buti, si mtu wa kushushwa shimoni usiku kwa kamba kama inavyofanyika. Na tafadhali waambie nyumbani wasimwage dawa ya kufulia nguo nyeupe chooni kila siku: inawaua bakteria ambao ndio wafanyakazi wa tangi.

Kila mtu hutoa kilo 4 hivi za naitrojeni kwa mwaka, nyingi ikiwa katika mkojo. Ikiingia baharini hulisha mwani unaofunika matumbawe; ikifika shambani ni mbolea ambayo mkulima hununua kwa magunia. Windhoek, nchini Namibia, imekuwa ikiyasafisha maji taka yake na kuyarudisha katika mabomba ya maji ya kunywa tangu 1968. Sisi hatujafika huko wala hatulazimiki kufika. Minazi na migomba inatutosha.

Si tuyatoe tu chumvi maji ya bahari tumalize habari? Au turudie majabia ya mvua?
*Msomaji, Kizingitini*

Majabia kwanza. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita mraba 60, kwa mvua ya milimita 900 kwa mwaka, hata ukipoteza sehemu ya tano, linakupa zaidi ya lita 43,000, nayo hayahitaji pampu. Paa liwe la bati au la saruji, maana makuti huyatia maji rangi na harufu, na mvua ya kwanza ya masika imwagwe, ikiwa imebeba kinyesi cha kunguru. Kuyatoa chumvi maji ya bahari kunakula uniti 3 hadi 4 za stima kwa mita ya ujazo, na kunaacha maji yenye chumvi karibu maradufu ya kumwaga mahali fulani. Kule Kiunga, ambako hakuna njia nyingine ya maana, mtambo wa kutoa chumvi unaoendeshwa kwa jua, uliowekwa mwaka 2018, una sababu yake. Mji wenye mabomba yanayovuja ukianza na mtambo huo utakuwa unalimwaga jua mchangani.

Mimi niko darasa la saba. Babu anasema samaki wadogo waliokuwa katika birika la choo cha nyumba yetu walikuwa wakisafisha maji. Mwalimu amekataa. Nani mkweli?
*Mwanafunzi, Lamu*

Mpe babu shikamoo zangu. Samaki wale walikula viluwiluwi vya mbu, na kwa hiyo waliwaepusha watu wa nyumba na malaria na homa nyingine. Hiyo ilikuwa kazi yao na waliifanya vizuri. Hawakuondoa vijidudu, na kinyesi chao kilibaki humo humo. Mwalimu amesema kweli kuhusu maji, babu amesema kweli kuhusu samaki. Kama birika lenu bado lipo na lina maji, muulize babu walikuwa wakiwatoa wapi.